Pato la Kwanza Lisipande Mlima

Bigwa, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Kumsalimu kwa barua mtu niliyekula naye ugali mchana huu huu ni kama kupiga hodi nikiwa ndani, kwa hiyo salamu nitaziruka. Wewe mzima, nimekuona. Mimi mzima, ila goti. Umekwenda mjini kusukwa nywele kwa rafiki yako Tatu, na ninyi wawili nawajua, magharibi itawakuta hamjamaliza kucheka, sembuse kusuka. Mama yako yuko uani anakaanga visheti vya safari, na kila nikipita ananionya nisivionje. Basi nimekaa kwenye meza yako ya kushonea, nimesogeza mkasi na chaki pembeni, naandika.

Mama yako ameshakwambia ya kuswali, ya kujisitiri, ya kutokula kwa watu usiowajua na ya kufunga mkoba kwa pini. Ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeanza kufunga mfuko wa shati kwa pini. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze juu ya viza yako, na juu ya neno moja ulilolisema Jumapili kule Matombo mbele ya mjomba wako Kibwana. Alikwambia pato lako la kwanza ulipeleke kwake, nawe ukajibu, "Ndiyo, mjomba." Nililisikia jibu lile na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Lakini nianze nyuma kidogo, maana na mimi nina yangu katika safari hii.

Unakumbuka Bi Shamsa alivyotokea pale barazani unaposhonea. Mama mtu mzima, buibui jeusi, marashi yamemtangulia, anazungumza Kiswahili chetu na kuchomekea maneno ya Kiluguru ya zamani ambayo hata bibi yako ameshayaacha. Alizaliwa huku huku milimani, baba yake alikuwa na duka la kununua kahawa njia ya Matombo, akafia huku, nao wakaondoka yeye akiwa msichana. Tangu nchi ilipofungua milango, watu kama yeye wanarudi kuzuru makaburi yao. Akazuru kaburi la baba yake, akaalikwa harusi hapa Bigwa, akaliona gauni la bibi harusi na tarizi zake, akauliza limetoka nchi gani. Wakamwambia limetoka barazani kwa binti wa fundi Salumu.

Wakati huo mitumba ilikuwa inakumaliza. Nani ashone gauni jipya wakati gauni la Ulaya linauzwa sokoni kwa bei ya uzi? Ulikuwa unapunguza suruali za watu na kubadilisha zipu, mwanangu mwenye mikono ile. Mimi nilikuwa nimeshapunguzwa kiwandani na nusu ya wenzangu, tukaambiwa mwenye kiwanda mpya hahitaji mafundi wa mitambo ya zamani. Kiinua mgongo walisema kiko njiani, na nadhani mpaka leo kiko njiani. Nyumba hii ilikuwa inakula zipu zako. Nilikuwa nakula na kushukuru kimoyomoyo, sikuwahi kukwambia kwa sababu baba akimshukuru mtoto kwa ugali anaona aibu. Leo nakwambia. Ahsante, mama.

Bi Shamsa akasema njoo Maskati. Akaeleza kwamba wanawake wa kule wanapenda tarizi za mkono, kwamba ukienda kuajiriwa na duka utashona mchana na usiku kwa mshahara mdogo usiopanda, na kwamba ni bora uende kwa viza ya kujitegemea. Yeye atakuwa mdhamini wako kwenye karatasi, wewe utajitafutia kazi nyumba kwa nyumba, utakachopata ni chako. Vijana wa mjini wanaiita viza huru. Sijawahi kuona kitu huru kinachokula kama hicho. Mwenye tajiri hulipiwa na tajiri wake, nauli, vipimo, karatasi. Asiye na tajiri ndiye tajiri wa nafsi yake, kwa hiyo kila mlango ukifunguliwa ni yeye anayetoa mkono mfukoni. Na haiishi. Kila mwaka karatasi hufufuliwa, na ada ya kuifufua ni juu yako. Bi Shamsa ni mtu mwema, lakini wema wake hauilipi serikali ya kule.

Mimi nikasema gharama ni kubwa. Nikalirudia neno hilo miezi na miezi mpaka likawa kama wimbo, mama yako akawa ananimalizia. Nilikudanganya, Mwanaidi. Gharama niliiogopa, lakini si sana. Niliogopa nyumba hii bila sauti ya cherehani yako, na niliogopa jambo jingine nitakalokueleza. Gharama ilikuwa pazia la kujifichia.

Na kusitasita kwangu kukazaa gharama nyingine, maana karatasi za safari huoza kama ndizi. Ulipima afya mara ya kwanza, majibu yakatoka safi, mimi nikasema tungoje kidogo. Tukangoja mpaka yule wakala wa Dar aliyeshughulikia karatasi zako akasema vipimo vimepitwa na wakati, virudiwe. Vipimo vya kwanza viliondoka na baiskeli yangu, hiyo ilikuwa haki yake. Vipimo vya pili viliondoka na herini za mama yako, na hizo ziko shingoni mwangu. Hajaninung'unikia hata siku moja. Nikimtazama sikio namwona ameweka kijiti cha fagio tundu lisizibe, naona haya.

Tulicheka lakini, tuseme ukweli. Unakumbuka picha za pasi? Walitaka nyuma yako pawe peupe, na mpigapicha wetu hapa Morogoro ukuta wake wote umechorwa ndege na maporomoko ya maji. Ikabidi mama yako asimame juu ya kiti kushoto na mimi kulia tumeshika shuka, mpigapicha anapiga kelele, "Mzee, mkono wako unaonekana!" Na siku ya vidole polisi, yule askari alivyokufuta kidole na kukipaka wino, akakufuta, akakipaka, akauliza mbona mistari haitoki, ukamjibu taratibu kwamba sindano imeifuta. Alikutazama upya baada ya hapo. Hata mimi nilikutazama upya.

Pasi iliondoka na cherehani ya pili. Kutafsiriwa vyeti vyako kwa Kiarabu na kupigwa mihuri, na safari zote zile za Dar, kuliondoka na kabati la vyombo. Ilipofika ada ya viza na tiketi, nyumba hii ilikuwa imebaki vitanda, cherehani yako, meza hii na Kurani. Hapo ndipo ukoo wa mama yako ulipoingia. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na baba ni mgeni anayeheshimiwa akijua mipaka yake. Mjomba wako Kibwana aliuza pilipili manga yote aliyokuwa ameihifadhi akingoja bei ipande. Bibi yako aliuza migomba ikiwa bado na ndizi changa. Mama zako wadogo walitoa walichotoa. Walitoa kwa moyo mweupe na sitasahau.

Jumapili wakatuita kukuaga. Tukala pilau, tukaomba dua, kisha wakaanza utani kama kawaida yao, huyu anataka blanketi zito, yule bangili, bibi yako anataka miwani ya kumwona vizuri babu akifufuka. Tulicheka. Kisha mjomba wako akanyamazisha watu. Akasema mkono mtupu haulambwi, na desturi yetu unaijua, pato la kwanza la mtoto hupanda mlima kwa mjomba. Akaninyooshea kidole. "Baba yako huyu, alipokwenda Mombasa ujana wake, pato la kwanza alimletea mjomba wake redio. Redio ya kwanza katika vijiji hivi. Mpaka leo watu wanamtaja."

Watu wote wakanitazama kwa heshima. Nikatabasamu kama mjinga. Ndipo ukasema, "Ndiyo, mjomba."

Sasa nikwambie habari ya redio ile. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi.

Nilikuwa kijana, fundi wa kutengeneza cherehani, kazi nimejifunza kwa fundi mmoja wa Kihindi hapa mjini. Nikasikia Mombasa kuna cherehani kila nyumba na mafundi hawatoshi. Mjomba wangu, marehemu Mzee Mohamedi ambaye hukumkuta, aliuza kahawa yake ya msimu mzima nikalipie kibali cha kazi, maana hata siku zile tulipojiita ndugu wa Afrika Mashariki, mgeni aliyetaka kufanya kazi kule alitakiwa kibali. Aliponikabidhi zile fedha aliniambia maneno yale yale, pato la kwanza ulilete hapa. Nami nikajibu vile vile, ndiyo mjomba.

Nikafika. Pato sikuwa nalo. Nilikuwa na fedha ya kibali mfukoni, na dirishani mwa duka kulikuwa na redio.

Nikajiambia, kibali nani atakiuliza? Si nazungumza Kiswahili kama wao? Mwanangu, nilipofungua mdomo tu kununua mkate, muuzaji akaniuliza milima ya kwetu inaitwaje. Nisikie? Sikusikia. Nilinunua redio, nikampa mfanyakazi mmoja wa reli aifikishe. Nilitaka mjomba wangu aonekane mbele za watu, na mimi nionekane ndani yake. Akaonekana kweli. Watu walishuka kutoka vijiji vya juu kuja kusikiliza, na mjomba alikaa karibu nayo kama mtu aliyemwoza binti kwa sultani.

Tangu siku ile nikawa mtu asiye na karatasi. Mwanzo nilipita nyumba kwa nyumba na mkoba wangu wa bisibisi, na kazi ilikuwepo, tena nzuri. Kisha mwenye duka mmoja wa vifaa vya kushonea akaniuliza kibali changu kiko wapi. Nikababaika. Hakunipeleka popote, na hilo ndilo lililonimaliza. Alicheka kidogo, akanipeleka chumba cha nyuma, akasema nikae humo nimtengenezee cherehani zake, nisitoketoke, watu wa serikali wakiniona itakuwa habari nyingine. Mwanzo alinipa nusu ya ujira. Baadaye robo. Baadaye chakula, na neno "ngoja mwisho wa mwezi."

Nilikaa chumba kile muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilikuwa namkimbia kila aliyevaa sare. Siku moja nilimkimbia tarishi wa posta. Niliruka ukuta wa uani, nikachana suruali, nikajificha bandani na kuku wa jirani, kumbe alikuwa ameniletea barua yangu kutoka nyumbani. Na barua yenyewe mjomba alikuwa anaomba betri za redio. Cheka, hata mimi leo nacheka. Siku ile niliisoma nimekaa juu ya gunia, nikalia kama mtoto.

Kosa langu halikuwa moja, Mwanaidi. La kwanza lilikuwa redio, la pili lilikuwa kuandika kwamba mambo ni mazuri. Kila barua niliyotuma ilisema mambo ni mazuri. Kwa hiyo nyumbani hakuna aliyejua kwamba naomba kuokolewa, na mimi nilikuwa nawakasirikia kwa kutojua. Mtu hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe kisha akalaumu wasiobisha.

Nilipodai ujira wangu nirudi kwetu, yule bwana aliniambia niende nikashtaki serikalini. Nikaondoka na nauli niliyochangiwa na mpishi wake. Treni ilipokaribia Morogoro nikaona haya kushuka stesheni ya mjini, watu wanione sina hata sanduku. Nikashuka Kingolwira. Wafungwa walikuwa wanalima shamba la magereza, mmoja akanipungia mkono, nami nikampungia, nikatembea kando ya reli mpaka nyumbani. Nikasema nimerudi kwa sababu kiwanda kimeniita. Kiwanda kilikuja kuniajiri baadaye sana. Wakaniamini kwa sababu ya redio. Nani amhoji mtu aliyeleta redio?

Mama yako nilimwambia ukweli tulipooana. Mtu mwingine, hakuna. Jumapili, mjomba wako aliponinyooshea kidole, niliona uongo wangu wa ujana umekaa mkekani na sisi, umenenepa, umeheshimika, unakufundisha wewe njia ya kupita. Nawe ni mtoto mtiifu. Najua ungetii. Fedha ya kwanza utakayoipata kule, kabla hujaweka ya kufufulia karatasi yako, ungenunua kitu cha kupanda nacho mlima. Mwaka ungefika, ada huna, karatasi imekufa. Basi mwenye nyumba mmojawapo anakwambia, ingia ndani, shona hapa, usitoke.

Mimi nilikuwa mwanaume, na nilikuwa na ukuta wa kuruka. Wewe ni binti. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo jana, niliposema nakwenda Matombo kuangalia migomba, sikwenda kuangalia migomba. Nilikwenda kwa mjomba wako. Njia ilikuwa utelezi, goti likanisuta kila kona. Nilimkuta uani anageuza pilipili kidogo aliyobakiwa nayo mkekani. Nikakaa, nikamweleza yote, redio, kibali, chumba cha nyuma, tarishi, Kingolwira. Hakunikatiza. Aliendelea kugeuza pilipili, tena zile ambazo zilikuwa zimeshageuzwa.

Nilipomaliza akauliza bila kunitazama, "Shemeji, umekuja kunivunjia heshima au umekuja kuomba?"

Nikamwambia nimekuja kuomba.

"Unaomba nini?"

"Pato la kwanza la mtoto lisipande mlima. Libaki kule, lilipie karatasi yake."

Akasema desturi hakuianzisha yeye, na watu waliotoa walitoa wakijua. Akasema maneno mengine makali kidogo, ya kwamba baba hana sauti katika mali ya ukoo, na kwamba kama nimedanganya miaka yote hii, atajuaje sidanganyi na leo. Alikuwa na haki. Nikayapokea. Kisha akauliza, kama mtu asiyetaka kuuliza, mtoto asipolipia karatasi atafanywa nini.

Nikamwambia, "Atafichwa ndani ya nyumba ya mtu, kama nilivyofichwa mimi."

Mikono yake ikasimama. Nadhani alikuwa anakuona wewe, siku zile ulipokuwa mdogo unamfuata shambani umebeba jembe lililokuzidi urefu. Hatimaye alisema, "Mwambie asilete. Akileta kitu kabla ya kulipia karatasi yake, mimi sikipokei, nakirudisha, na wewe nakutukana mbele za watu." Kisha akafikiri. "Lakini watu nitawaambiaje? Watauliza."

Nikamjibu awaambie mimi ndiye niliyekataza. Kwamba baba yake ni mchoyo, amemshika mtoto, kila kitu anazuia yeye. Kama wanataka habari ya redio, awape na hiyo.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema habari ya redio ataiweka, ni nzuri mno kuimaliza siku moja. Akanipa chai. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka darajani, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nimuoe dada yake.

Basi neno la Jumapili limefutwa na aliyeliomba. Huna deni la pato la kwanza. Ukiona moyo unakusuta, jua si mjomba anayekusuta, ni sauti za watu tu, na watu hawaishi. Huo ndio ujumbe niliotaka ukufikie kwa maandishi, kwa sababu nikikwambia kwa mdomo kesho kituoni mama yako atakuwa analia, na mimi nikiona mtu analia husahau nilichokuwa nasema.

Mengine ni madogo. Nimekuwa nikijiuliza ni neno gani lingeniokoa Mombasa, na nimeona ni neno fupi sana, "bado." Mjomba, bado. Baba, bado. Hata Bi Shamsa, akikupeleka kwa shoga zake ukawashonee bure kwa ajili ya urafiki, mwambie kwa adabu, nitashona, mama, lakini ya bure bado. Sikulijua neno hilo, na sikukufundisha, kwa sababu nilipenda kusifiwa kuwa nina mtoto asiyekataa. Nilijisifia kitu kinachokuumiza. Jifunze ukubwani, hujachelewa.

Pasi yako ikae kwako. Mtu akikwambia akuwekee, hata kwa wema, mwambie baba yako ni mkali. Mimi niko mbali, nisingizie chochote.

Na ukiandika, niandikie yaliyopo. Wateja wakikosekana, andika wamekosekana. Ukilia, andika umelia, usiniwekee "mimi hapa sijambo, hofu ni kwenu tu." Nikipata barua mbaya yenye ukweli nitajua la kufanya, au sitajua, lakini tutakuwa wawili tusiojua. Na kama mwaka utafika na ada haikupatikana, usimsikilize mtu atakayekwambia kaa tu hivyo hivyo, wengi wanakaa. Rudi. Sisemi rudi ukishindwa, maana sitakuita umeshindwa. Cherehani, kabati, baiskeli, pilipili, vyote hivyo havikununua kukaa kwako kule. Vimekununulia nafasi ya kujaribu, na kujaribu utakuwa umejaribu. Mimi nimeshazungumza na mwenye kile chumba cha pale sokoni, akasema barazani kwake hapana mtu, ukirudi utaweka cherehani hapo.

Nakupenda, mwanangu. Naliandika hili wazi kwa sababu nimegundua kwamba tangu uzaliwe nimekuambia kula, nimekuambia shona vizuri, nimekuambia usichelewe kurudi, na kumbe yote yalikuwa neno hilo moja, nimelivalisha nguo nyingine.

Nitakwambia na langu la mwisho, ambalo hata mjomba wako sikumwambia. Mimi nami nilikuwa natamani zawadi yangu. Tangu viza itoke nimekuwa nikijiona siku ya Idi natoka msikitini nimevaa kanzu ya Maskati, nyeupe, yenye uzi wa hariri shingoni, na watu wanauliza, mimi nasema, ah, ni huyu binti tu. Usiitume. Idi ikija nitavaa ile yangu yenye kiraka cha kwapani ulichonishonea, nipite katikati ya watu wa Bigwa polepole, wanione vizuri. Wataulizana, binti yake si yuko Uarabuni, mbona hivi? Waache waulizane. Mimi nitakuwa najua maana ya kiraka kile. Maana yake mwanangu amelipia karatasi yake, na asubuhi hiyo anatembea barabarani mchana kweupe, akipishana na askari bila kugeuza uso.

Ni mimi baba yako,
Salumu